Bunduki ya Mjomba Katembo

Gregori alikuwa mtu wa maneno, na maneno ndiyo yaliyomlisha. Kabla ya korona hapakuwa na harusi ya Watanzania kuanzia Auburn mpaka Penrith ambayo yeye hakushika kipaza sauti. Kisha serikali ikaufunga mji wa Sydney, harusi zikafungwa, naye akafungwa pamoja nazo katika chumba kimoja cha ghorofa ya tatu, huko Auburn. Huko ndani, baada ya wiki tatu za kuongea na jokofu, akagundua cheo kimoja ambacho serikali ilisahau kukipiga marufuku: ushenga kwa njia ya Zoom.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Aloyce, kijana mpole aliyetunza wazee kwa zamu mbili kwa siku na kumpenda Déborah, binti wa Kikongo wa Doonside. Wenyewe wawili walikwisha kupatana zamani. Baba wa binti alikuwa marehemu, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mjomba wake, Katembo, mfanyakazi wa ghala mwenye kitambi cha heshima na sauti iliyotokea humo humo kitambini.

Kikao kilifanyika Jumamosi mchana, Agosti 2021. Ndugu ishirini na sita walijipanga kwenye visanduku vya kioo cha kompyuta, wengine wakionekana paji la uso tu. Gregori alivaa koti na tai juu, bukta chini. Nyuma yake lilining'inia pazia la rangi ya zambarau kwenye fimbo ya shaba inayong'aa, yenye kitufe cha urembo nchani, kitu pekee cha fahari katika nyumba ile, na kamera aliitega makusudi ili kila mtu alione.

Katembo alisoma orodha ya mahari. Mbuzi, suti, blanketi la bibi, vyote vikapita. Kisha akakohoa.

"Namba tisa. Fusil moja, ya mjomba. Ile ya zamani, ya vita ya wazungu. Babu yangu alibebaka ya vile mpaka Abisinia. Mimi niko na licence, niko member wa club ya kupiga fusil, kwa sheria hakuna shida. Ninyi mutafute tu fasi ya kuipata."

Kikao kilipoisha tu, Aloyce alipiga simu.

"Kaka Greg, nimekwisha. Mimi bunduki nitainunua wapi?"

Wahenga walisema kufa kufaana. Gregori alijilaza kitandani, akakunja nne.

"Nipe dakika kumi," alisema, akaingia mtandaoni. Dakika kumi zinatosha kumfanya mtu yeyote awe mtaalamu, na mwaka ule dunia nzima ilikuwa imejaa wataalamu wa namna hiyo.

"Dogo, sikiliza," alisema alipompigia tena. "Sehemu ni tatu. Ya kwanza ni duka la silaha. Mali yao safi, makaratasi yamenyooka, lakini hawaongei na mtu asiye na leseni. Mwenye leseni ni nani? Mjomba. Utamwambia mjomba akajinunulie mahari mwenyewe?"

"Hapana, aibu."

"Ya pili, mnada. Kwenye picha inang'aa, ikifika mtutu una kutu kama bomba la choo. Halafu unashindana na wazee wa Kizungu waliostaafu, hawana haraka wala watoto wa kusomesha. Utawaweza?"

"Na ya tatu?"

Gregori alishusha sauti. "Kuna mama mmoja mjane, Penrith. Marehemu mumewe alikuwa anakusanya vitu vya vita. Bunduki iko gereji, imefungwa kwenye blanketi. Thamani yake haijui, anachotaka ni nafasi ya kuegesha gari. Dola elfu mbili tu. Dukani hiyo ni mara mbili."

Aloyce akahesabu zamu zake kimoyomoyo. Kijana mwema, lakini nusu bei ni nusu bei.

"Si itakuwa nimemdhulumu mama wa watu?"

"Unamsaidia kufagia gereji."

"Basi twende wote nikaione."

"Serikali imesema mwisho kilomita tano kutoka nyumbani, Aloyce! Unataka ukamatwe na polisi barabarani kabla hujaoa? Tuma hela, mengine niachie mimi."

Hela ikatumwa. Mjane hakuwepo, gereji haikuwepo, na mtu pekee aliyefungwa kwenye blanketi alikuwa Gregori mwenyewe, maana ulikuwa msimu wa baridi.

Lakini bunduki ilibidi iwepo, walau kwa macho. Gregori aling'oa mguu wa meza, akauchonga kwa kisu cha mkate siku nne. Mtutu akaupata kwenye fimbo ya pazia. Komeo la mlango wa choo likawa kifyatulio. Akaupaka mguu wa meza majani ya chai, fimbo akaipaka kiwi nyeusi, na alipojitazama kwenye kioo akiwa ameishika, alijiogopa. Mpango wake ulikuwa mwepesi: aionyeshe kwenye Zoom, ukoo uridhike, kisha mji ukifunguliwa atangaze kwamba polisi wameinyang'anya njiani. Polisi hawana ndugu kwenye Zoom wa kuwauliza.

Kikao cha pili kilipofunguliwa kwa maombi, Gregori alisimama, akaiinua bunduki kwa mikono miwili kama anayeleta sadaka madhabahuni. Bibi wa Déborah alifanya ishara ya msalaba. Katembo alisogea karibu na kamera mpaka ikabaki pua, akatazama sana, na macho yakamlowa.

"Mushenga," alisema kwa sauti iliyobanwa. "Hii fusil iko kwako nyumbani?"

"Ipo, mjomba. Nimeifuata mwenyewe mpaka Penrith."

"Penrith. Kutoka Auburn iko kilomita ngapi?"

"Kama... thelathini hivi."

"Na serikali imesema ngapi?"

"Nilikuwa na permit, mjomba. Ya kazi."

"Kazi gani?"

"Hii. Ya bunduki."

"Ah, bon! Basi uko na licence ya fusil?"

Gregori, ambaye aliwahi kuongea saa nzima ukumbini umeme ukiwa umekatika, alinyoosha tai tu.

"Mimi nilikaa darasani," Katembo aliendelea. "Nilifanya mutihani. Nilinunua sanduku ya chuma, nikaifunga kwa ukuta. Wewe unaweka fusil kando ya sufuria? Inchi hii watu wanafungwa juu ya ile! Chibalonza, mama, inarecord?"

"Tangu maombi," alijibu mkewe. "Watu wa kwetu, kule Beni, wanataka kuona."

Gregori alipiga hesabu haraka. Bunduki ikiwa ya kweli, ni jela. Safari ya Penrith ikiwa ya kweli, ni faini. Uongo ni aibu tu, na aibu hailipiwi. Akachagua ya bei nafuu.

"Si ya kweli!" alipiga kelele. "Ni mbao, jamani! Mbao!"

"Kila mwizi anasemaka vile. Onyesha."

Akaipiga gotini aivunje. Mguu wa meza ulikuwa wa mti mgumu wa Australia. Kilichokaribia kuvunjika ni goti. Alipokuwa anarukaruka na bukta yake mbele ya ukoo mzima, Déborah alimwambia mjomba wake taratibu:

"Tonton, look at his curtain."

Wote wakatazama. Lile pazia la zambarau lilikuwa limepigiliwa misumari mitatu, limelegea upande. Gregori, kwa unyonge, akauchomoa mtutu. Mwishoni, chini ya kiwi, kilikuwepo bado kile kitufe cha shaba cha urembo. Ukoo ulicheka mpaka visanduku vikatikisika. Bibi aliomba aonyeshwe tena.

Aloyce peke yake hakucheka.

"Kaka Greg, nimefanya overtime miezi miwili," alisema, akifuta machozi. "Ungeniambia tu imekushinda. Sasa namwoa vipi huyu?"

Kicheko kikaisha. Déborah alikuwa ameziba uso kwa viganja. Katembo alikuna kidevu, kisha akainua mkono.

"Musikilize. Kwetu fusil kwa liste ni ya kupima mukwe. Hatutaki fusil. Tunataka mukwe apige magoti aseme: imenishinda, mupokee mbuzi. Mwenye kusema vile ni mutu wa kweli, tunamupa binti. Hii ni mila ya bababu."

Aloyce alianguka magotini kwa kasi, kwenye kamera zikabaki nywele. "Imenishinda, baba! Pokeeni mbuzi!"

"Oh my God, he's actually kneeling," alisema Déborah, akicheka na kulia, na vigelegele vikalipuka kutoka Doonside mpaka Beni.

Gregori alirudisha elfu mbili palepale, ukoo mzima ukimsubiri. Kisha akatozwa faini ya mshenga: mbuzi wake mmoja, na kusherehesha harusi bure.

Mji ulifunguliwa Oktoba. Mbuzi wawili, wa Aloyce na wa Gregori, walinunuliwa kwa mchinjaji wa halali Auburn na kuchomwa uani kwa Katembo. Gregori alisogea kwenye moto akichechemea kidogo. Biashara ya ushenga bado aliipenda, na alitaka kuijua vizuri.

"Mjomba, ile mila ya kupima mkwe kwa bunduki, inafuatwa na Wakongo wote au ni ukoo wenu tu?"

"Mila gani?" Katembo aligeuza ubavu wa mbuzi motoni. "Mimi nilitaka fusil. Nilitaka sana, nilishaitayarisha na sanduku."

"Lakini ulilia ulipoiona!"

"Nilikuwa ninabana kicheko. Pazia niliiona tangu maombi. Nikajua fusil hakuna, na mbele yangu kijana analia, binti analia, na mwizi iko na deni. Nikasema basi, heri mbuzi mbili."

Gregori akaweka sahani yake chini, akainama kwa unyenyekevu ambao hata kanisani hakuwahi kuupata.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," alijibu Katembo. "Shika hii koleo, geuza nyama yangu isiungue."