Malalamiko Dhidi ya Utulivu wa Imakulata

Chemchem, Tabora

Mheshimiwa Mshauri Theodora,

Mimi ni Nikolaus, fundi cherehani, kaka wa Imakulata unayemtibu kwa mazungumzo kila Alhamisi. Ulitueleza kwamba tatizo lake ni la haiba: hisia humjia kwa kishindo, na hofu ya kuachwa haimpi nafasi ya kupumua. Tulielewa. Hukutuonya kwamba tiba ingetudhuru sisi wazima.

Kwa heshima, nalalamika hivi:

1. Nimeshushwa cheo. Zamani, asubuhi nilikuwa malaika, kaka ambaye Tabora haijapata kumwona. Jioni nikichelewa, nilikuwa shetani. Sasa anasema mimi ni mtu mwema aliyechelewa. Kwa umri wangu, cheo hicho ni kidogo.

2. Ugomvi umeharibika. Juzi nilimsema kwa kuunguza maharage, nikajiandaa kujibiwa. Akaniomba nimsubiri, akaenda uani, akazamisha uso kwenye beseni la maji baridi kama ulivyomfundisha. Akarudi anachuruzika, akaniambia taratibu kwamba maneno yangu yamemuumiza. Mtu aliyelowa hivyo utamfokea vipi? Nikampa taulo.

3. Kisha akaniuliza mimi nahisi nini. Mheshimiwa, nimekulia Goweko kwenye mashamba ya tumbaku. Swali hilo hatukuulizwa hata msibani. Nikajibu, njaa. Akaniambia njaa si hisia. Nikala kwa huzuni.

4. Mke wangu Anifa naye ameambukizwa upole huo. Majirani waliozoea kuegemea ua wetu kusikiliza wamehamia ua mwingine. Nyumba nzima nimebaki mkorofi peke yangu, kazi ambayo sikuiomba.

Hivyo naomba umpunguzie mazungumzo, tupate japo ugomvi mmoja wa maana kwa mwezi. La sivyo, nitalazimika kubadilika mimi.

Nisalimie wote hapo kliniki, na mlinzi aliyenipa kiti siku ile nilipomleta Imakulata mara ya kwanza.

Ni mimi, ninayeumia kwa adabu,
Nikolaus

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, Jumamosi tulikosana kweli. Imakulata akachukua begi, akapanda basi kwenda kwa shangazi Sikonge. Zamani akiondoka hivyo, tulikuwa tunakwenda kumkuta wodini, amejidhuru. Nilifunga kibanda changu cha kushonea, nikakaa na simu mkononi. Ikaita. Akasema, "Kaka, nimefika. Bado nimekukasirikia. Na bado wewe ni kaka yangu." Nilimwambia amsalimie shangazi, nikarudi kwenye cherehani. Tafadhali, usimpunguzie hata Alhamisi moja.