Sasisho Lenu Limemuua Opanyin Dapaah

Duka la Mabango ya Misiba "Mungu Hakosei",
Bantama, Kumasi.

Kwa Mkuu wa Idara ya Masasisho,

Ndugu Mkuu,

YAH: KUMUUA MKUU WETU WA UKOO BILA RIDHAA YAKE

Natumaini u mzima wa afya, na kama sivyo, mabango tunatengeneza. Mimi ni Frema Adwubi. Mtu akifariki hapa Bantama, mimi ndiye ninayeweka picha yake, jina lake, na chini yake majina ya waombolezaji kwa kufuata ukubwa wao. Kompyuta ninayotumia ni kuukuu na ni mali ya ukoo. Wiki hii iliniambia kuna masasisho, mengine muhimu na mengine ya hiari, nichague. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeingia bila hodi. Kwetu hata kijana anayetaka mke hutanguliza wazee na chupa ya pombe kali, wakaeleza wametoka wapi na wamefuata nini. Sasisho lenu lilijitokeza katikati ya kioo peke yake, halina mjomba, halina chupa, likaniuliza: "Sasa au baadaye?" Pa kujibu "sitaki" hapakuwepo. Adabu gani hiyo?

2. Kwa kuwa mashine ni ya ukoo, ilinibidi niwapeleke mbele ya kikao. Kikao kilikuwa kimekaa kwa ajili ya msiba wa Mama Fosuaa, dada mkubwa wa mama yangu, aliyenilea tangu sijaota meno. Wazee waliweka kando suala la jeneza, wakawajadili ninyi. Mjomba Antwi aliuliza, "Hili la usalama linatulinda na nani? Mbwa si tunaye?" Mama mdogo Nyarkoa akamdaka: "Mbwa yupi? Huyu anayewatikisia wezi mkia?" Mwishowe Opanyin Dapaah, mkuu wa ukoo na kaka wa marehemu, akakata shauri: "Jamani, lililoandikwa muhimu lipokeeni. La hiari achaneni nalo. Katika ukoo huu jambo la hiari nani kawahi kulifanya?" Wala msiseme hatukusoma masharti. Mjomba Antwi aliyasoma yote kwa sauti, sisi tukaitikia amina.

3. Sasisho muhimu lilikula herufi zangu. Mwandiko mwembamba niliouzoea ulitoweka, pakaja mwandiko mnene wenye makalio. Majina yakakosa nafasi, yakaanza kusukumana. Jina la Mama Fosuaa likatupwa nje ya karatasi, na la Opanyin Dapaah, kiongozi wa waombolezaji, likaja kutulia chini ya picha. Mtaniuliza kwa nini sikukagua. Ningekagua nini, na kioo kilikuwa kinazungusha kile kiduara chenu tangu asubuhi? Nilibonyeza pa kuchapisha, nikaenda kwa fundi kupima nguo nyeusi. Wabandikaji nao hawakuuliza. Kuta zote za Bantama zikatangaza kwamba Opanyin Dapaah ameitwa na Mungu.

Mtasema picha ilikuwa ya Mama, watu wangejua. Hawakujua. Ndugu hao wawili walifanana kama vipande vya kokwa moja ya kola. Watu walisema maskini, ugonjwa umemlainisha sura, na kile kitambaa cha kichwani wakadhani ni heshima za ukuu.

4. Waombolezaji waliingia nyumbani kwa Opanyin akiwa anakula fufu. Mwanakwaya mmoja alizimia, na alipozinduka akamwona marehemu anafyonza mfupa, akazimia tena. Mtalaka wa Opanyin, Bi Konamah, aliyeapa hatakanyaga ua ule, alikuja analia kwa kwikwi, akimwita jina lake la nyumbani: "Kwaku wangu, nimekusamehe yote!" Alipomwona akafuta machozi. "Kumbe upo? Basi msamaha wangu narudi nao." Tangu siku hiyo Opanyin hasemi nami.

5. Hili la tano sitanii. Mama Fosuaa anazikwa Jumamosi, na mpaka naandika barua hii hakuna ukuta wenye jina lake. Alichoma ndizi barabarani, moshi ukamharibu macho, ili mimi nisomee kompyuta. Leo amekufa, na kwa sababu ya kompyuta watu wanamlilia mtu mwingine. Nina uchungu, ndugu yangu. Tena wazee wamesema bango lisipokaa sawa kufikia Ijumaa, misiba yote ya ukoo atapewa binti wa Mjomba Antwi, na mimi nitatoa kondoo wa kumpoza Opanyin kwa kumuua.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, mtume ujumbe wa watu wazima wenye chupa na kondoo (maana kondoo huyo kwa haki ni wenu), mumfufue Opanyin Dapaah kwa maandishi, na kuanzia leo kompyuta yoyote iliyozeeka isiguswe. Mzee habadilishwi. Opanyin mwenyewe anavaa makubazi yaleyale miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kumwamuru ajizime na kujiwasha upya. Mkikataa, tutawatengenezea bango ninyi. Mwandiko mnene tunao.

Nisalimie mkeo, watoto, na aliyebuni kile kiduara. Mwambie Mjomba Antwi anamtafuta. Mbwa hajambo.

Wako katika majonzi,
Frema Adwubi

N.B. Kabla sijaituma barua hii nimefanya jambo la hiari, bila kumwambia mtu. Nimepokea sasisho la printa na herufi. Kumbe picha za marehemu wote wa Bantama kutoka na rangi ya bluu ilikuwa kasoro ya printa. Mimi nilikuwa nawaambia wafiwa ndiyo rangi ya mbinguni. Leo Mama Fosuaa ametoka na weusi wake mwenyewe, mwanya wake unaonekana, na jina lake liko chini yake. Nimelia mpaka nakala ya kwanza imelowa. Futeni malalamiko yote, pamoja na kondoo, na mniletee kila sasisho mlilonalo. Opanyin Dapaah amekuja, akasimama mbele ya bango la dada yake. Kisha akavuta kiti, akakaa, akaweka nguo yake vizuri begani. "Frema," akasema, "nipige picha na mimi. Bango langu lichape leo hii hii, kabla hawa watu hawajaleta apdeti nyingine."