Sauti ya Verlene, Upande wa Pili

Jumamosi, 11 Januari 1997. Pittsburgh. Theluji hadi magotini.

Mkutano wa Chama cha Wapenzi wa Jazi, chini ya kanisa, kama kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Wazee tisa, meno kama sabini kwa jumla.

Mwenyekiti wetu Hosea Wardlaw, shemasi na daktari wa meno mstaafu, kaja na santuri ya "Jumamosi Birikani". Ndiyo, yenyewe! Rozell Tibbs na saksafoni yake, imerekodiwa papa hapa mtaani, klabu ya Birika, Mei 1961. Kaitoa kwenye mifuko mitatu ya plastiki. Kavaa glavu nyeupe. Kaizungusha tuione kama mtoto anayebatizwa. Nikamwomba aipige. Akasema haipigwi, kila kupigwa ni kuchubuliwa, sindano haina huruma. Akairudisha mifukoni, mmoja baada ya mwingine. Mpumbavu!

Kinachoniuma ni kwamba santuri ile ni yangu. Kwenye pembe ya jalada kuna herufi C.B., nyekundu, zenye kivuli cha dhahabu. Mkono wangu! Cleophus Baskin, mchora vibao vya maduka kwa miaka thelathini na minane. Mwaka 1988 muuza duka mmoja aliniambia santuri zimekufa, na kwamba kila albamu duniani itakuwa imetoka kwenye CD kabla ya Krismasi. Nikauza santuri zangu zote mia tatu, nikanunua mashine ya CD. Hosea akaiokota Birikani dukani wiki ileile. Krismasi tisa zimepita. Kwenye CD haijatoka.

Na Verlene yumo humo ndani. Mke wangu. Upande wa pili, wimbo wa pili, ule wa taratibu. Rozell anamaliza, ukumbi kimya, halafu unamsikia: "Usiache, Rozell! Bado sijalia vya kutosha!" Kisha anacheka. Sekunde nane. Tulikuwa na miezi mitatu ya ndoa. Nilipoiuza hata hakununa. Alisema, mimi si niko hapa? Ukitaka kelele zangu, niudhi tu.

Sasa ni miaka minne hayupo. Hakuna kanda nyingine yenye sauti yake. Hata ujumbe wa mashine ya simu niliurekodi mimi, maana nilidhani nina sauti nzuri. Yake naikumbuka, lakini kila mwaka inanipungua kidogo, na hilo linaniogopesha kuliko maradhi. Sijamwambia mtu. Hosea akijua ataniringia hadi kaburini.

Jumatatu, 13 Januari

Mpango! Umenijia nikikaanga mayai.

Kampuni moja kubwa ya New York ilishaimeza ile ndogo iliyorekodi Birikani. Kanda wanazo. Wanachokosa ni watu wa kuitaka. Basi watu watapatikana. Barua ishirini, majina ishirini, miandiko ishirini. Mkono uliochora vibao vya wauza nyama, vinyozi na wazishi haushindwi na mwandiko wa mtawa.

Binti yangu Denita kapiga simu, kauliza nafanya nini. Nikasema naandika barua. Kauliza, kwa nani? Nikasema ni siri. Akasema, Baba, mara ya mwisho uliposema siri tuliitiwa zimamoto. Huyu mtoto ana kumbukumbu mbaya. Nzuri, yaani. Ndiyo ubaya wake.

Ijumaa, 24 Januari

Barua kumi na tisa tayari. Mtawa wa Cleveland (wino wa zambarau, mwandiko mwembamba). Baharia wa Baltimore. Mjane wa miaka tisini wa Toledo, mkono unatetemeka. Huyu kanichukua asubuhi nzima, maana kutetemeka kwa makusudi kunataka mkono thabiti.

Nikazisoma zote kwa pamoja. Mungu wangu! Sukari tupu. Watu kumi na tisa wote wanasifu! Nani atawaamini? Nimekaa na wapenzi wa jazi miaka arobaini na sijaona mmoja asiyenung'unika. Mpenzi wa jazi akiingia peponi atauliza nani kaweka ngoma mbali na kipaza sauti.

Basi wa ishirini awe mnung'unikaji. Dokta Winthrop Pell, wa Boston. Mtu wa miwani ya kamba, asiyecheka. Karatasi nzito, herufi zilizosimama wima kama askari. Nikamtafutia kosa la kulalamikia. Rozell hana kosa. Mpiga piano hana kosa. Kosa pekee ambalo mtu wa aina ya Pell angeliona ni lile la upande wa pili. Kwa hiyo kaandika: "Kelele za yule mwanamke mwishoni mwa wimbo wa pili ni doa kwenye kazi ya sanaa. Natumaini mafundi wenu wa leo wana uwezo wa kulifuta."

Nikaitazama picha ya Verlene ukutani. Nikamwambia anisamehe, ni adabu tu ya barua. Angecheka hadi ashike meza. Sentensi moja tu, nani atajali sentensi moja?

Zile kumi na tisa nimewapa wanakwaya wanaokwenda kuzunguka Ohio na Maryland, wadondoshe moja moja kila mji. Anwani zake zote za kubuni. Ya Pell nimemtumia Lemuel, mpwa wa Verlene aliyeko Boston, aitumie kutoka huko kwa anwani yake mwenyewe. Daktari lazima awe na anwani ya kweli.

Jumamosi, 8 Februari

Nikisubiri New York, nimejaribu njia ya mkato. Mkutanoni nikamwambia Hosea, kwa sauti ya upole, kwamba nimesoma mahali fulani kuwa santuri za 1961 huota ukungu wa ndani zisipopigwa angalau mara moja kwa mwaka.

Akanitazama kama anavyotazama jino bovu. Akauliza nimesoma wapi. Nikasema gazetini. Gazeti gani? La Kijapani, nikasema. Akauliza tangu lini Ndugu Baskin anasoma Kijapani. Wote wakaangua kicheko. Mmoja akauliza Kijapani kwa "mwongo" ni nini.

Nimekula vipande vitatu vya pai ya viazi vitamu kwa hasira. Usiku tumbo limesema na mimi kwa lugha zote.

Alhamisi, 15 Mei

Ushindi! Ushindi! Ushindi!

Lemuel kapiga simu. Barua imefika kwa Dk. Pell kutoka New York. Nikamwambia aifungue, asome polepole. "Jumamosi Birikani" inatoka kwenye CD mwezi Septemba! Wamemshukuru Daktari kwa barua yake makini, na wamesema maoni yake yote yamezingatiwa. Watu wastaarabu sana.

Lemuel akauliza maoni gani hayo, Mjomba? Nikamwambia hiyo ni lugha ya ofisi tu, huwa wanamwandikia kila mtu hivyo. Mtawa, baharia na mjane hawajajibiwa hata neno. Bila shaka majibu yao yamerudi New York, anwani zenyewe hazipo. Si kitu.

Nimezunguka nyumba nzima nikiimba ule wimbo wa taratibu. Nikifika mwisho nasimama, naacha nafasi ya Verlene. Miezi minne tu, mama. Miezi minne, nitakusikia.

Jumanne, 16 Septemba

CD imefika kwa posta saa nne asubuhi.

Sikuifungua papo hapo. Nilioga. Nilinyoa. Nilivaa suti ya kijivu aliyoipenda yeye. Nikaweka viti viwili mbele ya spika. Simu nikaichomoa ukutani. Nyimbo za upande wa kwanza sikuziruka, maana kukimbilia wimbo wake ingekuwa utovu wa adabu, wala yeye hakuwahi kufika Birika kwa kuchelewa.

Ukafika wimbo wa taratibu. Rozell akapanda, akashuka, akaiachia ile pumzi ya mwisho. Nikashika mkono wa kiti cha pili. Ukumbi kimya.

Kimya.

Halafu wimbo unaofuata ukaanza.

Nikarudisha. Kimya. Nikaongeza sauti hadi jirani akagonga ukuta. Kimya kisafi, kama sahani iliyooshwa. Hata kikohozi hakuna. Nikasema labda mashine imechoka, nikaipuliza. Kimya.

Ndipo nikasoma kijitabu. Ukurasa wa mwisho, herufi ndogo: "Shukrani za pekee kwa Dk. Winthrop Pell wa Boston, aliyetuonyesha doa la upande wa pili. Mafundi wetu walilifuta kwa wiki mbili."

Wiki mbili! Nimekaa na suti yangu hadi giza likaingia. Nimemfuta mke wangu kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba huko chini kuna kimya namna hii. Nimelia. Naandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu Denita hatasoma hapa.

Jumamosi, 20 Septemba

Mlango umegongwa kama wa mdaiwa. Hosea! Mkononi CD, uso mweusi kwa ghadhabu. Nikajua amekuja kunicheka.

Hakucheka. Akaingia bila kukaribishwa akitukana kama si shemasi. Wamemtoa yule mama! Umesikia? Wamemtoa yule mama! Akauliza huyu Pell ni mdudu gani. Akaapa akimpata atamng'oa meno yote, ya mbele kwanza, bila ganzi. Akasema kuna saksafoni nyingi duniani, lakini mwanamke mwenye kuomba alie zaidi yuko mmoja tu. Yeye huipiga santuri ile mara moja kwa mwaka, siku aliyozaliwa, kwa ajili ya zile sekunde nane. Huwa anajiuliza yule mama alikuwa nani, na kama yule Rozell alimwendelezea.

Hakumwendelezea, nikasema. Alikwenda kunywa bia. Na yule mama alikuwa Verlene.

Hosea akakaa. Akakaa kwenye kile kiti cha pili. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Miaka tisa, Cleo. Kwa nini hukusema, bwana wee?"

Nilikuwa nimeandika barua ishirini, hata moja si kwake.

Akaniburuta hadi kwake nikiwa na ndala. Akaitoa kwenye mifuko mitatu. Glavu hakuvaa. Akaweka sindano mwenyewe.

Na akasema. Verlene wangu akasema. Nilikuwa nimeikumbuka vibaya! Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na "Rozell" anaivuta kidogo, na kicheko kinaanza kabla neno halijaisha. Na chini yake, mbali, kuna mtu anasema "Keti, mpenzi." Huyo ni mimi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilisema. Miaka yote hii nimo humo naye.

Hosea akauliza, tena? Nikasema tena. Mara tano. Kisha akairudisha kwenye jalada, akaniwekea kwapani. Akasema herufi za kwenye pembe si zake.

Mlangoni akanipa karatasi ya malalamiko dhidi ya Dk. Pell, chama kizima kitatia sahihi. Nilikuwa wa kwanza kutia.

Jumanne, 23 Septemba

Santuri iko kabatini. Siku ya tatu. Sijaipiga.

Ningependa. Nalala nikiwaza kuipiga, naamka nikiwaza kuipiga. Lakini tulishaipiga mara tano Jumamosi, na kila kupigwa ni kuchubuliwa. Sindano haina huruma. Leo nimenunua glavu nyeupe. Na mifuko ya plastiki, mitatu. Hosea kapiga simu kuuliza kama nimemsikia mama leo. Nikamwambia namtunza. Akaguna.

Denita naye nimemweleza yote, isipokuwa habari za Pell. Akalia. Kisha akasema, Baba, si uipige tu, mimi nije nisikilize? Anadhani ni rahisi hivyo!

Njia ni moja. Itoke CD nyingine, safi, Verlene akiwa ndani. Na New York wanamsikiliza mtu mmoja tu duniani. Basi nimetoa ile karatasi nzito. Herufi wima. Dk. Pell ametafakari, Dk. Pell anakiri kwamba alikosea, Dk. Pell anaomba sauti ya yule mwanamke irudishwe mahali pake, kwa heshima zote.

Nikaisoma. Haifai! Imekuwa tamu mno. Pell asiponung'unika si Pell, wataishtukia mara moja. Nikamtafutia kosa dogo, la kuweka adabu ya barua. Nimeongeza kwamba katika wimbo huo wa pili saksafoni inamfunika mwanamke kidogo, na mafundi waitazame.

Sentensi moja tu. Kesho asubuhi naituma kwa Lemuel.