Ndege Inayonifuata Juu ya Shengena

Jumanne, 2 Septemba

Madaktari wa macho wanatafuta rubani wa kuwapeleka vijiji vya nyuma ya milima mwaka mzima. Tumebaki wawili: mimi na Sindato. Mimi nina uzoefu, ndege ya viti vinne na hoja. Sindato ana miwani ya jua.

Daktari Victoria, mkuu wao, ameweka sharti. Ndege iwe na transponda, ile redio inayotangaza mahali ulipo, pamoja na kioo cha kuonyesha ndege nyingine zilizo karibu. Nikamwambia ndege nyingine nimekuwa nikiziona kwa macho, na ni ajabu daktari wa macho kutoyaamini macho. Hakucheka. Mke wangu Blandina akasema nifunge mdomo, nikafunge transponda.

Alhamisi, 4 Septemba

Transponda imefungwa. Kioo nimekipata Arusha kwa mtu aliyeacha urubani. Kilipowaka kikataka nikiandikie namba ya ndege yangu. Nikagoma. Leo namba ya ndege, kesho jina la ukoo, keshokutwa watauliza nimekula nini. Raia huru hajiandikishi kwa kioo.

Nikapaa. Juu ya kilele cha Shengena kikalia: ndege, nyuma yangu, kimo kilekile, karibu kiasi cha kusalimiana. Nikageuka. Hakuna kitu. Nikapinda kushoto, nayo ikapinda kushoto. Nikashuka, ikashuka. Nani mwenye sababu ya kuniandama? Nani mwenye miwani ya jua?

Niliporudi Same nilimkuta Sindato akifukuza mbuzi kwenye njia ya kurukia. Akaniamkia shikamoo mzee, kwa sauti, mbele ya watu, kama kawaida yake, ili nionekane babu. Nikamwambia najua anachofanya. Akasema anafukuza mbuzi. Nikaenda kugusa injini ya ndege yake. Baridi. Ameimwagia maji, bila shaka. Mjanja sana.

Ijumaa, 5 Septemba

Safari ya majaribio na Daktari Victoria. Mkakati: Sindato akitokea, nimpoteze, daktari ajionee rubani ni nani.

Akatokea. Nikazunguka kilele mara mbili, nikajificha nyuma ya wingu, nikachomoka upande wa kijiji cha Kisiwani chini kabisa, ng'ombe wakatawanyika. Bado yupo. Daktari akauliza tunamkimbia nani. Nikamwambia atazame kioo. Hakuweza, alikuwa ameinamia mfuko.

Tulipotua huko Kisiwani alikaa kwenye nyasi kwa muda, kisha akauliza kama kuna gari la kwenda Same. Nikamwambia ashukuru yu hai. Akasema anashukuru sana. Naona ameguswa. Kazi ni yangu.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada, sadaka za mazao zikinadiwa nje ya kanisa, nilipandisha bei ya jogoo mpaka wenzangu wakakaa kimya. Anayepandisha bei husikilizwa. Nikiwa na jogoo kwapani, nikawatangazia washarika, na Daktari Victoria akiwemo, kwamba kuna rubani anayehatarisha maisha angani, na sitamtaja, yule pale mwenye mkungu wa ndizi.

Anaeli, mnadishaji, aliuliza hiyo ndege ikishanifuata huwa inatua wapi. Nikasema inatua nilipotua mimi. Akauliza ikishatua inakwenda wapi. Nikasema hutoweka nikizima mitambo. Mama mmoja nyuma akaanza kucheka, sijui kwa nini.

Sindato akaweka ndizi chini. Shikamoo tena. Akauliza kwa upole, upole unaoudhi, kama nilikiandikia kioo namba ya ndege yangu. Nikaeleza msimamo wangu. Akasema basi kioo hakinijui. Kinaisikia transponda yangu na kudhani ni ya mgeni. Mzee amekuwa akijikimbia mwenyewe.

Washarika walicheka, mchungaji akiongoza. Anaeli akauliza nani anaanza bei ya rubani, jogoo akiwa nyongeza. Hakuna aliyetaja hata shilingi.

Kazi amepewa Sindato. Daktari Victoria akasema naweza kuwa rubani wa akiba, mradi namba iandikwe. Nilikuwa nimeandaa jibu kali lenye sehemu tatu. Blandina akajibu kabla yangu: Baba Sifael amekubali, asante sana.

Jumatatu, 8 Septemba

Blandina ameandika namba mwenyewe, hakunikabidhi kioo mpaka alipomaliza. Nimeruka hadi Usangi na kurudi. Kioo kimya njia nzima. Kitupu. Mwanzoni nilifurahi.

Kisha nikafikiri, kazi ambayo wengine hapa hawaijui. Ndege inayokuandama kila siku inaachaje ghafla, siku moja tu baada ya mwenyewe kupata kazi? Jibu ni moja. Sindato amezima transponda yake.

Kesho anawapeleka madaktari. Nami nitazima yangu, nimfuate kwa nyuma, karibu kabisa, nimshike.