Nilivyolala Alhamisi Ijayo

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na mbili wodini. Binti yangu anaolewa Jumamosi, na lazima niwepo! Nililetwa hapa kwa sababu niliacha dawa kimyakimya, nikakesha siku nne nikipaka nyumba rangi. Na vioo vya madirisha. Binti yangu alilia. Sipendi kukumbuka.

Wiki iliyopita daktari wa akili alinipa karatasi: kila asubuhi niandike nimelala masaa mangapi na moyo ukoje, moja hadi kumi. Alisema hataki alama nzuri, anataka za kweli. Maneno tu! Jirani yangu wa kitanda, Bwana Miluzi, anajiandikia tatu, nne. Masikini, hajui mambo. Mimi kila siku masaa manane, moyo kumi. Muuguzi akipita usiku nafumba macho. Leo, kupunguza kazi, nimejaza mpaka mstari wa mwisho.

Jumanne, 4 Machi

Aibu! Daktari kaisoma karatasi, kaisoma tena. Akaniuliza taratibu, Alhamisi ya tarehe sita nililalaje. Nikajibu upesi kwamba fofofo, hata sikugeuka. Kumbe leo ndiyo kwanza Jumanne. Bwana Miluzi alicheka mpaka akapaliwa.

Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akaniuliza upya. Nikasema kweli: masaa mawili. Matatu nikibahatika. Akasema angejua tangu wiki iliyopita, angeshabadilisha dawa na Jumamosi ningepata ruhusa. Sasa ndiyo anaibadilisha leo, na hawezi kunitoa kabla hajaona inanifanyaje. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Jumamosi, 8 Machi

Bwana Miluzi kapewa ruhusa. Na tatu zake! Kaondoka anapiga miluzi.

Saa nne binti yangu akapitia hapa na gauni lake. Daktari ndiye aliyepanga. Kaja siku yake ya mapumziko, kasimama mbali kidogo. Dakika kumi bustanini. Mwanangu alisema angefurahi niende hata nikisinzia kitini. Kwamba hakuhitaji baba wa kumi juu ya kumi. Mjomba wake ndiye aliyemsindikiza. Mjomba, asiyejua hata kufunga tai! Nililitazama gari mpaka likakata kona. Najuta. Sina wa kumlaumu ila mimi mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Daktari kaleta karatasi mpya. Nimemwomba radhi, nikaahidi kwamba safari hii ni kweli tupu. Akanishika bega, akasema hana haraka, niandike siku moja moja. Mama mwema yule. Nilimkosea.

Nimekaa chini hapohapo. Leo: masaa matano, moyo mbili, maana binti yangu kaolewa bila mimi. Kesho: matano, moyo tatu. Jumanne: sita, moyo nne. Kupona hakuji ghafla, mimi si mjinga. Nimeshaandika kweli tupu mpaka Jumapili ijayo.