Mkasi wa Injinia Kipanya

Asubuhi ile ya Julai, upepo wa Dodoma ukiwatilia watu vumbi hadi kwenye vikombe, Nikodemo alitamani benchi la kahawa la Stara, pale nyuma ya stesheni, limmeze mzima mzima. Miezi miwili alikuwa akiwatambia wenzake kwamba yeye ndiye aliyetengeneza fomu ya intaneti ya kujiunga na chuo kimoja kule Miyuji, hata wakambandika jina la Injinia Kipanya. Mbaya zaidi, barua ya posa ilikwisha kwenda kwa kina Elieth, Area D, na humo ndani aliandikwa "injinia" mara tatu.

Sasa Halfani, waliyemwita Spika kwa kuwa bunge lake lilikuwa benchi hilo, alikuwa amenakili tangazo lililobandikwa getini kwa chuo.

"Waheshimiwa, tulieni nisome. Waombaji hamsini na tisa hawajaoa, wameachana na wake zao, tena wamefiwa nao. Wote, kwa mpigo mmoja. Maombi yatarudiwa kwa karatasi. Aliyetengeneza fomu atajulishwa hatima yake leo."

"Na wewe si uliomba?" Stara, mkewe, aliuliza, dele la kahawa mkononi.

"Niliomba, wiki iliyopita."

"Kwa hiyo mimi ni marehemu."

"Marehemu niliyemwacha kabla sijamwoa."

"Na kahawa ya marehemu unaifikisha kikombe cha tatu."

Nikodemo akakohoa. "Tatizo watu hawasomi. Imeandikwa: bofya kisanduku kinachokuhusu. Ukibofya inatokea X. X maana yake hapo hapo, ndiyo."

"Ule si mkasi, alama ya kosa?" Halfani akamkazia macho. "Mimi nilikata yasiyonihusu. Sijaoa, kosa, mkasi. Nimeachana, kosa, mkasi. Nimefiwa, astaghfirullahi, mkasi. Ndoa yangu nikaiacha safi, haina doa."

"Kwani vema ilikukosea nini, Niko?" Stara akadakia. "Hata kwenye kura tunaweka vema. Nani alipewa mkasi shuleni akakimbia kuuonyesha nyumbani?"

"Mhurumie, mke wangu. Nilisoma naye huyu. Daftari lake la hesabu lilijaa mikasi jalada hadi jalada. Kakua anajua ndiyo alama ya kupata."

Benchi zima likacheka. Nikodemo naye akacheka, maana daftari lenyewe alilikumbuka vizuri.

"Mzee Harithi, wewe angalau fomu uliielewa," akamgeukia mkuu wa stesheni mstaafu, akitafuta shahidi.

Mzee akaweka kikombe chini. Mkono ulitetemeka, kahawa ikamwagika kidogo.

"Mimi, mwanangu, huko kwenye mkasi sikufika. Kisanduku chenyewe kama jicho la sisimizi. Nikilenga, mkono unahama. Nikaona neno 'Nimeoa' limekaa pale, nene, nikaligonga hilo. Kimya. Nikaligonga tena. Binti wa kafe ya intaneti akaniambia, babu, maneno hayasikii, gonga kitundu. Treni nimezipokea miaka thelathini kwa mkono huu. Kitundu kikanishinda, nikarudi nyumbani."

Nikodemo akachukua karatasi ya kashata, akaandika: kisanduku kikubwa. Maneno nayo yaitike. Vema, si mkasi.

"Wanipe wiki moja tu," alisema taratibu. "Nitaanza kwako, mzee. Ukiweza wewe, wameweza wote."

Mara Evarista, tarishi wa chuo, akafunga breki ya baiskeli, akamkabidhi bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi yenye visanduku viwili. Mkataba uendelee: kitupu. Mkataba usitishwe: X.

Nikodemo akashusha pumzi ndefu. "Mmeona? Usitishwe, mkasi. Yaani kosa. Nimebaki kazini."

"Si umesema X ni ndiyo?" Halfani aliuliza.

"Nilisema wapi? Mkasi ni kosa tangu darasa la kwanza. Muulize mwalimu yeyote."

"Evarista, binti yangu," Mzee Harithi akaita, "mkuu wa chuo alisemaje alipoweka hiyo alama?"

"Shikamoo, mzee." Mguu ulikuwa tayari kwenye pedeli. "Alisema, mwambie nimejaza kwa kufuata maelekezo yake."

Baiskeli ikaondoka. Stara akammiminia Nikodemo kahawa bila kuombwa. Halfani akajisogeza, akapangusa vumbi kwenye nafasi ya pembeni yake.

"Njoo ukae hapa, mfiwa mwenzangu. Utazoea. Mimi hii wiki ya pili, na marehemu bado ananifokea."