Ombi la Kupunguza Kukumbatiana Harusini kwa Sababu za Kiuno

Beechmont, Louisville, Kentucky
Julai 2015

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Harusi na Misiba ya Warundi tuliotoka makambini Tanzania,
Louisville, Columbus na Buffalo.

Ndugu Mwenyekiti Leonardi,

YAH: MALALAMIKO YA MWANACHAMA ANAYEVAA BASTOLA KIHALALI

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mguu wako umepata nafuu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi, ambaye nina mchubuko kiunoni upande wa kulia, na mchubuko huo ndio unaoniandikisha.

Nianze kwa kueleza nilivyofika hapa, maana wapo watakaosema Sylveri amechanganyikiwa. Mwaka jana, asubuhi moja nikisubiri basi la kwenda kazini ghalani, mtu alininyang'anya begi langu. Ndani mlikuwa na ugali, maharage na soksi za akiba. Sikuumia, lakini nilitetemeka mpaka saa ya chakula cha mchana, chakula ambacho sikuwa nacho tena. Nikaapa kwamba haitatokea mara ya pili. Nikasoma darasa, nikapiga shabaha, nikapata kibali cha Kentucky cha kubeba bastola iliyofichwa, nikanunua bastola ndogo. Kazini hawaruhusu silaha, na kazini naenda kwa basi. Kwa hiyo siku zile ninazosimama kituoni, bastola inabaki nyumbani imefungiwa. Siku zilizobaki za kuivaa ni za mapumziko, yaani harusini. Ndiyo maana naiandikia kamati yako na siyo polisi.

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba mkoba wa bastola una kazi tatu. Ufunike triga yote. Uishike bastola hata ukipinduka kichwa chini miguu juu. Na usikuumize, kwa sababu ukikuumiza utauacha nyumbani.

Nilihangaika, Ndugu Mwenyekiti. Mkoba wa kwanza ulikuwa wa kitambaa, laini kama soksi. Niliujaribu chumbani bastola ikiwa haina risasi. Nikainama kufunga kamba za viatu, bastola ikachomoka, ikasafiri ndani ya suruali, ikatokea mguuni. Flavia, mke wangu, alikuwa anakunja nguo. Akaitazama, akanitazama, akaendelea kukunja. "Hicho hakivuki mlango," akasema. Wa pili ulikuwa wa ngozi, starehe tupu kama kiatu cha zamani, lakini ulilia kila nilipovuta pumzi, na mdomo wake ulilegea ukawa haushiki kitu. Wa kifundo cha mguu ulinifanya nitembee kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mwishowe nikapata wa plastiki ngumu, uliofinyangwa kwa umbo la bastola ile ile, unaovaliwa ndani ya suruali. Unaingiza, unasikia "ta!", na haitoki mpaka uivute mwenyewe kwa kukusudia. Niliubinua, niliutikisa, niliruka nao juu ya godoro. Bastola haikusogea. Nikaongeza na mkanda mgumu wa kuubeba. Ulikuwa mkoba wa kuaminika kabisa, ila uliniuma kama una meno.

Masumbuko, Mkongo ninayefanya naye kazi, aliniona nikipanda ngazi kiubavu. "Bon, Sylveri," akaniambia, "ile kitu inapashwa kukuchunga, na sasa weye njo unaichunga."

Nikaendelea kupanda kiubavu. Nilikuwa najiandaa kwa harusi ya shemeji yangu Reginaldi, kaka yake Flavia, kule Reynoldsburg, katika jimbo la Ohio. Ohio wanakitambua kibali changu. Wakati wa ibada niliifungia bastola kwenye gari, kisha nikaivaa kwa ajili ya ukumbini, na humo ndimo yalimoanzia malalamiko yafuatayo.

La kwanza ni chakula. Nikikaa, ncha ya juu ya mkoba inanichoma tumbo. Nikila, tumbo linakuja mbele kuikuta ncha. Kwa sababu hiyo nilikataa sahani ya pili ya pilau. Wewe unanijua. Watu walikuja mezani kwangu kwa sauti ya chini kuuliza ni nani amefariki. Naomba sahani ya pili ipigwe marufuku kwa wanachama wote, ili nisiwe peke yangu.

La pili ni ngoma. Kucheza kwetu ni kuruka, na suruali yenye bastola ikirushwa juu haina uhakika wa kurudi ilipokuwa. Nilicheza nimeshika mkanda kwa mkono mmoja. Vijana wakadhani ni mtindo mpya kutoka Louisville. Kufikia wimbo uliofuata ukumbi mzima ulikuwa unaruka umeshika kiuno, na bwana harusi naye akiwemo. Naomba kamati iagize kwamba kuanzia sasa tucheze tumekaa.

La tatu ni kukumbatiana, nalo ndilo kubwa. Kwa mila zetu, mkwe na mama mkwe hukaa mbalimbali kwa heshima. Nilikuwa nategemea mila. Lakini Mama Yudita, mama yake Flavia, tangu afike Amerika anakumbatia kila mtu, hata mwanamke wa benki. Alinijia mikono imefunguka, akanibana, akanipapasa mgongo, akashuka, na mkono wake ukasimama pale pale.

"Mwanangu," akasema, "hiki ni nini?"

"Ni kiuno tu, mama."

"Kigumu hivi?"

"Ndivyo kilivyo, mama."

"Kinakuuma?"

"Kinaniuma sana, mama," nikasema, na katika mazungumzo yale hilo ndilo lilikuwa neno langu la kwanza la kweli.

Akaniachia. Kisha akaenda kwa mshereheshaji, akachukua kipaza sauti, muziki ukazimwa. "Mkwe wangu ana kitu kiunoni," akautangazia ukumbi. "Kitu kigumu. Kinamuuma na anakificha. Tukiombee kimtoke."

Ndugu Mwenyekiti, walinizunguka. Wazee wa kanisa, shangazi za bi harusi, mpiga picha. Wote walioweza kunifikia waliweka mikono juu ya shati langu, na wasioweza wakaweka mikono juu ya walioweza. Neno "uvimbe" likaanza kupita kutoka meza hadi meza. Walikemea, walisukuma, mmoja alipiga makofi juu yake. Mtandaoni nimesoma sifa za mikoba mingi, lakini sijaona hata mmoja uliojaribiwa kwa kuwekewa mikono na kanisa zima. Wangu haukulegea. Nilijivunia plastiki ile huku natamani ardhi inimeze, kwa sababu mkono uliokuwa juu kabisa ulikuwa wa Mama Yudita. Mama huyo alivuka mpaka kuingia Tanzania akiwa na Flavia mgongoni, wanakimbia vyuma kama nilichokuwa nimekichomeka. Flavia alisimama kando na sahani yake. Hakuomba. Alinitazama tu, na sipendi kuandika alinitazama vipi.

Naomba kukumbatiana kuwe kwa upande wa kushoto tu, au kwa kupungiana mikono.

Lalamiko la nne nimelifuta kwa sababu Flavia amelisoma.

La tano ni Jimbo la New York. Wiki iliyofuata tulitakiwa Buffalo, kwa wazazi wa bi harusi, aitwaye Florida, kwa ibada ya shukrani. New York hawakitambui kibali cha Kentucky hata kidogo. Ukikamatwa nayo ni jela. Nikaifungia bastola kwenye kisanduku cha chuma nyumbani kwa Reginaldi, na iko huko hadi leo, nikapanda gari kiuno kikiwa kitupu. Sitaficha kwamba safari ile nililala usingizi mtamu nikiwa nimeegemea upande wa kulia, na kule Erie, kabla ya mpaka wa New York, tulipopumzika nilikula mara mbili. Hata hivyo nalalamika kwa kanuni. Naomba sherehe zote za Buffalo zihamishiwe Erie, kwenye maegesho ya magari. Wenyeji wa Buffalo watusogelee kidogo. Hawatapungukiwa na kitu.

La sita limenikosesha raha kuliko yote. Ibada ya Buffalo ilipokwisha, Mama Yudita alinifuata mbele ya watu wote, akaweka mkono kiunoni kwangu, akapapasa, akarudia.

"Kimetoka!" akapaza sauti. "Kimemtoka mwanangu!"

Vigelegele vilipigwa mpaka watu wa mtaani wakachungulia. Nilisukumwa madhabahuni kutoa ushuhuda. Nikasema, "Ni kweli ndugu zangu, wiki iliyopita kilikuwepo, na leo hakipo." Hakuna uongo hapo, uliza popote. Kanisa likalipuka. Mzee mmoja mwenye goti bovu akaja kulisugua kwenye kiuno changu, na nyuma yake ikaanza kupangwa foleni. Mama Yudita alicheza, Ndugu Mwenyekiti, mama ambaye harusi nzima ya mwanawe alikataa kucheza akisema miguu inamsumbua. Flavia naye alicheka mpaka akashika ukuta. Miezi kadhaa sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Sasa uone mkwamo wangu. Nikiivaa tena bastola, uvimbe utarudi. Uvimbe ukirudi, imani ya kanisa zima la Buffalo itatikisika, na goti la yule mzee, ambalo wanasema linaendelea vizuri, litarudi kuuma. Nisipoivaa, darasa nililosoma, mkanda mgumu na mkoba bora kuliko yote vitakuwa bure.

Kwa hiyo ombi langu kuu ni kamati initolee cheti, chenye muhuri, kinachosema kwamba Sylveri ana uvimbe wa msimu, unaotambuliwa Kentucky na Ohio lakini usiotambuliwa New York. Kisomwe katika harusi zote kabla ya chakula. Ikishindikana, basi kila mwanachama, mwanamume kwa mwanamke, aje harusini amevaa mkoba kiunoni na ndani aweke anachopenda, kiazi, Biblia ndogo, chochote, ili anayepapasa asijue aanzie wapi.

Nasubiri uamuzi wenu kwa unyenyekevu mkubwa. Wasalimie nyumbani kwako wote, wasalimie wajumbe, msalimie fundi anayetushonea vitenge na umwambie mashati yangu ayaachie nafasi upande wa kulia. Wasalimie ndugu zetu wa Clintonville, Columbus, ukiwaona, na yule mzee wa goti kupitia kwa yeyote aendaye Buffalo.

Ni mimi mwanachama wako mtiifu, asiye na uvimbe kwa sasa,

Sylveri

N.B. Nimeifungua tena bahasha kuongeza haya. Ilikuwa imeshafungwa na stempu imeshabandikwa, Flavia akanipa simu akasema mama anataka kuongea nami. Akaniuliza habari za kiuno. Nikasema kimetulia. Akasema, "Mwanangu, mimi chuma nakijua. Nimekikimbia nikiwa na watoto. Hata juu ya shati nakijua." Nikamuuliza kwa nini basi hakusema pale ukumbini. "Nimwaibishe mkwe kwenye harusi ya mwanangu?" akajibu. "Nilisema una kitu, na tuombe kikutoke. Kikatoka. Usikirudishe." Kisha akauliza watoto wamekula nini.

Jumamosi naenda Reynoldsburg kukichukua kile kisanduku, na bastola nairudisha dukani. Malalamiko yote, pamoja na lile lililofutwa, nayaondoa, na kuhusu sahani ya pili naomba radhi kwa kamati nzima. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu ya stempu. Tafadhali usiisome kikaoni. Ule mkoba Masumbuko aliuomba aweke simu yake. Aliisukuma kwa nguvu leo asubuhi ikasema "ta!", na tangu hapo nampigia, inalia kiunoni, haitoki.